Vijana Wagonjwa wa SS na Wakristu wa Lubumbashi

Katika mwaka 1910 mambo mawili yalitokea, moja huku kwetu, la pili mbali sana. Huku Katanga reli ilifika, na muji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanza kujengwa. Mwaka ule ule Roma ilifanya Prefektura ya Katanga na kuitia mikononi mwa Wabenediktini, chini ya Padri Jean-Félix de Hemptinne. Kule Chicago, katika inchi ya Marekani, munganga James Herrick alitangaza habari za kijana mumoja, mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye chembe za damu yake zilipindika kama mundu. Huo ndio ugonjwa tunaouita SS.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa katika inchi yetu tangu zamani za wababu. Wazazi walijua watoto wenye macho ya manjano, wenye kulia mifupa usiku, wenye kuvimba mikono na miguu, na wengi wao walikufa mbele ya kuachishwa ziwa. Hawakujua tu jina lake. Chembe zile zilizopindika zinafunga njia ndogo ndogo za damu. Mahali damu isipopita maumivu yanaingia, tena zinakufa upesi, na mutoto anakosa damu. Katika 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha ya kuwa kosa liko katika hemoglobini yenyewe. Mutoto anapata ugonjwa huu kwa baba na mama, wote wawili. Kama kila muzazi anabeba sehemu moja, kila mimba iko na nafasi moja katika ine ya kuzaa mutoto mugonjwa. Tukumbuke neno hili, tutalirudilia.

Sasa, Wakristu wa muji huu walifanya nini kando ya kitanda cha wale watoto? Si rahisi kujibu. Vitabu vya misioni vinaandika batizo, ndoa, mupako na maziko. Usiku mama aliokesha na mutoto wake, hakuna kitabu kilichouandika.

Tunajua hata hivi jinsi watu walivyokaa. Union Minière, iliyoanzishwa katika 1906, tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na bibi na watoto. Kambini kulikuwa dispansere, chakula cha mafungu, na munganga wa kampani. Mutoto wa mufanyakazi alitunzwa kwa sababu ya kazi ya baba yake. Watu wa site walitegemea mashirika ya kusaidiana na kuzikana, mara nyingi kufuata kabila. Na padri? Padri aliitwa mwishoni, na mafuta matakatifu. Alipoonekana mulangoni na stola, kilio kilianza, na mugonjwa mwenyewe alielewa.

Kisha ikaja Jamaa. Katika 1953 Padri Placide Tempels, Mufransisko, alianza kazi yake kule Ruwe, Kolwezi, na mafundisho yake yakaenea katika kambi mpaka huku kwetu. Aliwaambia watu ya kuwa mutu anatamani mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Hatutaki kufungua hapa mabishano yaliyofuata juu ya Jamaa; wakubwa wetu waliyasemea mengi. Lakini tufikiri kidogo. SS inajeruhi mambo yale yote matatu mara moja. Uzima wa kijana unapunguka. Uzazi wa baba na mama unakuwa haya. Na mapendo yao yanavunjika, kwani ndugu wa bwana wanasema ya kuwa mwanamuke ameleta damu mubaya katika nyumba. Jamaa iliita bwana na bibi pamoja, wakae, waelezane mioyo. Mbele ya kitanda cha mutoto mugonjwa hilo si jambo dogo. Na tazama, wanganga walikwisha kusema neno linalopatana nalo: si mama peke yake.

Kati ya 1961 na 1972 mambo yaligeuka upesi. Katika 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zenye uzima. Katika 1963 Mutaguso wa Vatikano ulisema ya kuwa sakramenti hii ni afazali iitwe mupako wa wagonjwa, si ya wenye kufikia saa ya kufa tu, na katika 1972 Papa Paulo VI alitengeneza ibada yake mupya. Mwaka huo wa 1972 serikali ya Mobutu ilikataza vikundi vya vijana vya dini. Waxaveri na wengine walipashwa kutawanyika. Kijana aliyelala hospitali alikosa wenzake waliozoea kumutembelea na kitambaa chao shingoni. Lakini serikali haikuweza kukataza jirani kuingia kwa jirani. Shirika la kartiye liliendelea.

Kazi kubwa ya mashirika ilionekana wakati Gécamines ilipoanguka. Mugodi wa Kamoto uliporomoka katika 1990. Kisha mishahara ilikawia miezi na miezi. Katika 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka kazini kwa kile kilichoitwa “kuondoka kwa kupenda”. Mutoto wa SS aliyetunzwa kwa kazi ya baba yake alibaki bila baba mwenye kazi. Serumu ni kununua, sindano ni kununua, na damu inataka mutu wa kuirudisha. Ndipo tuliona vijana wa shirika wakienda kutoa damu, na wamama wakigawana zamu ya kupika. Wanafunzi walimwandikia mwenzao masomo, kusudi asipoteze mwaka mbele ya Mutihani wa Serikali. Kijana wa SS anaogopa kifo, ndiyo. Lakini kila siku anaogopa zaidi kubaki nyuma, mwili mudogo kati ya wenzake waliokwisha kukomaa.

Tusijisifu. Wengine kati yetu walisema ya kuwa mutoto yule amelogwa, ao yeye mwenyewe ni mulozi anayekula damu ya nyumba. Wengine walimupeleka katika vyumba vya maombi na kumukataza dawa, hata maji ya kunywa, kwa kufunga. Kumufungisha mugonjwa wa SS maji ni kumutia katika maumivu. Na sisi wenyewe tunakumbuka binti mumoja wa miaka kumi na tano. Jamaa yake hawakutuita, kwa kuogopa ya kuwa mafuta yetu yatamuambia kwamba atakufa. Tulipofika, alituuliza: “Padri, sababu gani ulingojea?” Hatukuwa na jibu, kwa maana tulijua nyumba ile na tulipita mbele yake kila juma.

Kuna jambo moja wakatekista wanatuuliza sana: tukatae ndoa ya wachumba ambao damu yao inabeba ugonjwa huu? Hapana. Sheria ya Kanisa haiweki kizuizi hicho, na haki ya kuoa haiwezi kunyanganywa na katekista. Lakini kunyamaza pia ni vibaya. Inafaa wachumba wapimwe mapema, mbele ya kupeleka mali, si juma moja mbele ya arusi wakati nguo imekwisha kushonwa. Wajue, waamue wenyewe, tena wajue ya kuwa wakizaa mutoto mugonjwa hawatakuwa peke yao.

Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 19 Juni kuwa siku ya ugonjwa huu, kwa azimio la 2008. Ni tarehe ile ile Jason Sendwe, aliyekuwa muuguzi mbele ya kuwa mutu wa siasa, aliuawa kule Albertville katika 1964; hospitali yetu kubwa inabeba jina lake. Tena Juni ni mwezi wa baridi huku kwetu, na baridi inaamsha maumivu ya SS. Wamama wa shirika wanajua hiyo bila kalenda. Mwezi wa tano ukiisha, wanaanza kuuliza nyumba kwa nyumba nani iko na blanketi la pili.