Kipande, Mkataba na Siku za Yaya

Ndugu msomaji, bila shaka walijua neno kipande kwa maana ya sehemu ya kitu kizima. Lakini katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, enzi za ukoloni, neno hilo lilitaja kadi ya kibarua yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi, nafasi moja ilitiwa alama, na ujira ulilipwa nafasi zote zilipojaa. Siku isiyotiwa alama haikuwa na ujira.

Fikra ya kipande haijafa. Imehamia majumbani mwetu. Tuseme familia moja ya Kampala imemwajiri yaya kwa siku sita za juma. Inapanga safari ya majuma mawili mwezi wa Desemba, nayo inakubaliana naye achukue likizo siku hizo hizo. Yaya anakata tiketi ya basi kwenda kwao Mbale. Zikiwa zimebaki siku mbili, safari inaahirishwa hadi Januari. Anaambiwa abaki. Januari inapofika na nyumba kuwa tupu, anaambiwa kwamba hakuna kazi, kwa hiyo hakuna mshahara. Je, hasara ya mabadiliko hayo aibebe nani?

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yatuongoza kwa mambo mawili. Kwanza, yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kazi kwa idadi ya siku zilizomo katika mkataba, ziwe zimetajwa waziwazi au zaeleweka tu. Pili, likizo yenye malipo, yaani siku 7 kwa kila miezi 4 ya utumishi mfululizo, huchukuliwa wakati ambao pande zote mbili zimekubaliana. Safari ya mwajiri, basi, si likizo ya yaya mpaka yaya naye akubali.

Ulimwengu nao umesema. Tarehe 16 Juni 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, ulioanza kutumika tarehe 5 Septemba 2013. Unataka mfanyakazi afahamishwe saa zake za kawaida za kazi, na apumzike angalau saa 24 mfululizo kila juma.

Itazame tofauti iliyopo. Kipande kilihesabu kazi iliyokamilika. Mkataba huhesabu pia muda ambao mtu amemtengea mwenzake. Yaya aliyetoa siku zake sita hawezi kuziuza kwa jirani.

Mwajiri naye hana budi kusikilizwa, kwa maana safari huvunjwa na ugonjwa au ukata. Ndiyo sababu yafaa wakubaliane mapema, kwa maandishi: safari ikibadilika, nani atalipa nini, na taarifa itolewe siku ngapi kabla. Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Na deni la siku za mtu hulipwa hata mwenye nyumba akiwa safarini.