Mnafiki: Shimo Lenye Milango Miwili



Leo tuongee juu ya neno moja tunalorushiana kila siku: mnafiki. Mtu akiogopa kutaja kwao ni wapi, tunamwita mnafiki. Chefu wa kijiji akisalimia watu wa kila kabila, mnafiki. Katika nchi iliyoona vita, neno kama hili linaweza kufukuza mtu kijijini, hata kumwua. Basi ni lazima tujue linatoka wapi.

Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu. Wataalamu wa kale wa lugha ile walilieleza kwa mfano wa mnyama mdogo wa jangwani, anayefanana na panya. Shimo lake lina mlango ulio wazi. Upande mwingine anachimba mpaka karibu na juu, anaacha udongo mwembamba. Wewe ukipita unaona ardhi tu. Adui akiingia kwa mlango wa kwanza, yeye anapasua ule udongo kwa kichwa na kukimbia. Wataalamu wengine wanasema neno lilitoka katika lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia, na mzizi wake ni kugawanya. Hata hivyo maana zinakutana: mnafiki ni mtu aliyegawanyika.

Mwaka 625, watu wa Madina walipokwenda kupigana Uhud, Abdullah bin Ubayy aligeuka njiani pamoja na watu kama 300, akawaacha wenzake. Sura ya 63 ya Korani inaitwa kwa jina la wanafiki. Wakristo nao, walipotafsiri Injili kwa Kiswahili, walichukua neno hilo hilo. Katika Kigiriki cha Injili, neno lake lilikuwa la mchezaji wa jukwaani, yule aliyecheza amevaa uso wa bandia. Na Waswahili wenyewe wana ndumilakuwili, nyoka anayesemwa kuwa anauma kwa pande mbili.

Kwetu Kongo, Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 na misafara ya biashara ya pembe na watumwa kutoka Zanzibar. Nyangwe palikuwa na soko kubwa. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara waliingia sokoni na bunduki, wakafyatua risasi. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, na wengine walizama katika mto Lualaba. Livingstone alikuwapo, akaandika aliyoyaona. Soko lilikuwa mlango ulio wazi. Kifo kilipita humo humo.

Sasa sikilizeni vizuri. Mama aliyeficha watoto wa jirani chini ya kitanda, akawaambia wenye silaha kwamba nyumbani hamna mtu, je, ni mnafiki? Hapana. Hata yule mnyama anachimba ili apone. Kuficha si kosa siku zote. Kosa ni kuchimba mlango wako wa siri katika nyumba ambayo wenzako wamekuamini, halafu kuwaacha ndani moto ukiwaka. Kwa hiyo, mbele ya kumwita mtu mnafiki, uliza: mlango wake wa pili unaokoa nani, na unaacha nani ndani?

Ninyi wami, machefu na wazee, swali hili linawahusu kwanza. Tarehe 23 Januari 2008, pale Goma, makundi mengi yenye silaha yalitia sahihi hati za kuacha vita. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mapigano makubwa yakarudi, na familia nyingi zikabeba tena magodoro barabarani. Sahihi ni udongo mwembamba tu, kama chini yake bado kuna shimo. Maneno unayosema mchana katika mkutano wa amani, uyaseme usiku pia kati ya watu wa kabila lako.

Na ninyi mliokimbia makwenu, msimhukumu jirani kwa sababu ananyamaza. Pengine anaogopa kama ninyi. Mtazameni kwa matendo yake: siku ya hatari alifungua mlango kwa nani?