Kuunga Picha Nyingi Ziwe Moja

Kuunga picha ni kupiga kitu kimoja kipande kwa kipande, kisha programu ya kompyuta ikavishona vipande vile vikawa picha moja kubwa. Picha ya kawaida ukiivuta karibu hugeuka viraba vya rangi. Hii ya kuungwa ukiivuta waona msumari, hata na kutu yake.

Mfano mashuhuri ni wa tarehe 20 Januari 2009, Obama alipoapishwa mjini Washington. Mpiga picha David Bergman alifunga Canon G10, kamera ndogo tu, juu ya kifaa cha GigaPan kinachoigeuza kidogo kidogo, akapata picha 220. Zilipoungwa zilitoa picha ya pikseli milioni 1,474. Kompyuta yake iliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya saa sita.

Siri ni kupandana. Kila picha irudie kama theluthi moja ya ile jirani yake, ndipo programu ipate alama za kufananisha: ncha ya ua la nakshi, ufa, kichwa cha msumari. Kamera igeuke pale pale iliposimama. Ukihamahama, vitu vya mbele na vya nyuma huachana, mshono ukaonekana. Kipimo cha mwanga na fokasi visibadilike, ama sivyo utapata viraka kama kanzu kuukuu. Na watu wanaopita ni balaa: mmoja hutokea mara mbili, mwingine akabaki nusu.

Kwa hiyo naona kwetu ufundi huu wafaa zaidi milango ya nakshi ya Lamu na Mji wa Kale, Mombasa, kuliko mikutano. Mchwa na chumvi ya bahari havingoji, na mlango ukishauzwa ndio umekwenda. Jumba la Rijksmuseum, Amsterdam, mwaka 2022 lilitoa picha ya mchoro wa Rembrandt iliyoungwa kwa picha 8,439, ili wahifadhi waweze kufuatilia kila ufa miaka ikipita.

Wewe huhitaji mitambo ile. Kamera, kigoda cha miguu mitatu na programu ya Hugin, ambayo ni ya bure, vyatosha. Omba ruhusa ya mwenye nyumba. Piga asubuhi, jua halijauangukia mlango, na uweke rula kando ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe na mtaa. Zile picha za vipande nazo usizifute. Programu bora ikija kesho, utaziunga upya.