Safari ya Buha

Katika miaka ya 1980, nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu katika Chuo Kikuu, orodha ya vituo vya mazoezi ya kufundisha ilibandikwa ubaoni, nasi tukasongamana mbele yake, kila mtu akilitafuta jina lake kwa kidole. Aliyepangiwa Kibaha alicheka. Aliyepangiwa Moshi alianza kuwahesabu jamaa zake wa kumkaribisha. Aliyepangiwa Kibondo alinyamaza, na wenzake wakampa pole kama mtu aliyefiwa. Mimi ndiye niliyenyamaza.

Basi nikaanza kujiandaa. Nilipewa barua ya utambulisho na nauli. Mengine yote yalikuwa juu yangu. Nilikusanya chaki, vitabu viwili vya historia, daftari la maandalio ya masomo, blanketi, sabuni na vidonge vya malaria. Rafiki yangu mmoja, ambaye maishani mwake hakuwa amepita Dodoma, alinishauri nichukue na chumvi ya kutosha, kwa kuwa huko haipatikani. Siku zile bidhaa zilikuwa haba nchini kote, nami nikamwamini. Nikafunga kilo mbili za chumvi chini ya sanduku. Asubuhi ya siku ya tatu treni ilisimama Uvinza, na abiria aliyeketi karibu nami akanionyesha kwa kidole mahali chumvi inapotengenezwa. J. E. G. Sutton na A. D. Roberts, walioandika habari za Uvinza mwaka 1968, walionyesha kwamba chumvi ya chemchemi zile imekuwa ikipikwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu wa pande zote walikuja kuipika na kuinunua, tangu kabla ya mwarabu wa kwanza kufika Ujiji. Nami nilikuwa nimeitoa chumvi yangu Dar es Salaam na kuisafirisha siku mbili mchana na usiku ili niipitishe hapo.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kina maana. Mwanafunzi anayekwenda mahali pa mbali hubeba mzigo mwingine usioonekana sandukuni, nao ni picha ya mahali hapo. Wala picha hiyo hakuichora yeye, bali ameirithi. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba umbali wa Kasulu na Kibondo si wa maili peke yake. Umbali huo ulitengenezwa na watu, katika miaka inayoweza kutajwa.

Maili zenyewe hazikatai kuhesabiwa. Reli kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Kutoka Kigoma hadi Kasulu ni kama kilomita 90 za kupanda, kwa maana ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya juu huzidi mita 1,200. Kibondo iko mbele zaidi, kilomita zaidi ya 200 kutoka Kigoma. Huko kiangazi huleta vumbi jekundu mchana na baridi kali usiku, hata nikalishukuru blanketi langu. Hiyo ndiyo Buha, au Uha kama waandishi wa zamani walivyopenda kuiita: nchi ya Heru, ya Muhambwe na ya Buyungu, ambazo kila moja ilikuwa na mwami wake. Lakini msomaji na ajiulize: ni mbali kutoka wapi? Mtu wa Kasulu ana Burundi kwa jirani, na lugha yake na ya jirani huyo ni karibu moja. Chumvi yake i Uvinza, na samaki wake wa Ujiji. Kwake yeye, kilicho mbali ni Dar es Salaam.

Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho, aliyejiandaa kupita Buha alijua kwamba anaingia katika nchi yenye wenyewe. Henry Morton Stanley alipita huko mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Alidaiwa hongo na mkubwa mmoja baada ya mwingine. (Neno hili siku hizo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, halikuwa na aibu ya leo.) Mabunda yake ya nguo yalipungua kwa kasi, hata akaamua kuondoka usiku kwa siri na kupita porini ili asikutane na wadai wengine. Katika kitabu chake aliwalaumu sana Waha kwa tamaa. Mimi naona kwamba walikuwa wakifanya lile ambalo kila serikali hufanya mpakani pake. Aliyenyatia usiku katika nchi ya watu alikuwa ni yeye.

Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Vitabu vya shule husema kwamba reli ilizifungua nchi za bara. Kwa Buha, mlango uliofunguliwa ulikuwa wa kutokea. Utawala ulidai kodi kwa fedha, na fedha haikuwako katika mtama wala katika maharage ya mtu wa Muhambwe; ilikuwako mashambani mwa wageni, Morogoro na Tanga. Chini ya Waingereza mkonge ukawa zao kubwa la biashara ya nje la Tanganyika, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandikisha wafanya kazi, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Mawakala wake walitafuta watu katika nchi za mbali na pwani, na Buha ikawa moja ya visima walivyochota sana.

Namna ya kusafiri kwao inafaa kukumbukwa kila mwanafunzi anapopokea barua yake ya utambulisho. Kijana alitia kidole gumba katika mkataba wa muda. Alipewa namba, na kutokana na namba hiyo yeye na wenzake wakaitwa manamba, jina ambalo lilibaki kuwa tusi hata baada ya mikataba kwisha. Alisafirishwa kwa gharama ya mwajiri, akala chakula cha kupimiwa njiani. Reli ya kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963. Kwa hiyo waliopangiwa Korogwe na Muheza walishuka na kuendelea kwa njia ya barabara. Shambani alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi yake haikuhesabiwa. Mkataba ulipokwisha, wengine walirudi na nguo, na baiskeli, na Kiswahili. Wengine hawakurudi kabisa. Ndiyo maana mpaka leo kuna ukoo wa Kiha pembezoni mwa mashamba ya Tanga ambao haujui tena njia ya kwenda kwao.

Jambo jingine lilizidi kuitenga nchi hii, nalo ni malale. Katika miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za Kibondo na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, ili kuwatenga na mbung'o. Sisemi kwamba ugonjwa haukuwako. Ulikuwako, nao uliua. Lakini mashamba yaliyoachwa yaligeuka pori, na pori likawa la mbung'o na wanyama. Mgeni aliyepita miaka michache baadaye aliona nchi tupu, akaandika kwamba ni nchi tupu. Mwanahistoria L. Sago aliieleza Kibondo kuwa hodhi la nguvu za kazi. Neno hilo ni zito, kwa maana maji hayakai hodhini kwa faida ya hodhi.

Chuo Kikuu nacho kilikuja baadaye kuitumia reli ile ile. Kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Swali la nini mwanafunzi anawiwa na watu wa mbali wanaomlipia masomo lilizuka mapema, tena kwa ukali. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa na kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa sehemu kubwa ya muda huo. Rais Nyerere aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300. Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama ugomvi wa baba na watoto. Mimi huliona kama mara ya kwanza orodha ya vituo ilipobandikwa mbele ya taifa zima, na waliopangiwa wakakataa kunyamaza.

Miaka miwili baadaye jambo jema zaidi lilitokea. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia, wakiongozwa na waalimu wao, miongoni mwao John Iliffe na Gilbert Gwassa, walitumwa kusini mwa nchi wawaulize wazee habari za vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hapo mwanafunzi hakwenda kufundisha bali kufundishwa. Sijui safari nyingine ya wanafunzi wetu iliyoleta faida kubwa kuliko hiyo, na nasikitika kwamba mimi nilipoondoka miaka mingi baadaye kwenda Kibondo sikuambiwa hata siku moja kwamba huko kuna la kuuliza. Niliambiwa tu nichukue sabuni.

Shuleni nilipewa vidato viwili na ubao uliopasuka katikati. Waalimu walikuwa wachache, na furaha ya mkuu wa shule aliponiona ilinitia aibu, kwani nilijua tarehe ya kuondoka kwangu, naye pia aliijua. Nilifundisha biashara ya watumwa na mapinduzi ya viwanda ya Uingereza kama vilivyoandikwa kitabuni. Siku moja nilipofika katika somo la uchumi wa kikoloni, niliandika neno "manamba" ubaoni, nikaanza kulieleza kwa ufasaha. Darasa likawa kimya, lakini si kimya cha kutoelewa. Mvulana mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, babu yangu anayo namba yake."

Hapa yanipasa niruke miaka. Buha ambayo sisi tuliiita mwisho wa reli ilikuja kujulikana duniani kote, tena kwa huzuni. Baada ya mauaji ya Rais Ndadaye wa Burundi mwaka 1993, na baada ya vita vya Kongo mwaka 1996, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka na ziwa. Kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wengine walipokimbia nchi yao, kambi hiyo ilikuwa bado ipo, ikawapokea na wao, na ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa tena. Wanafunzi wa vyuo wakaanza kwenda huko kwa mafunzo ya kazi, ya uuguzi na ya ustawi wa jamii. Walikaa majuma kadhaa, wakaandika ripoti, wakarudi. Watoto wa kambini walisoma kwa mitaala ya nchi ambazo wengi wao hawakuwahi kuziona, wakijiandaa kwa safari isiyo na tarehe. Makazi yote mawili yaliitwa ya muda, ya mwanafunzi na ya mkimbizi.

Nimrudie babu wa yule mvulana. Jumamosi ile tulikwenda kwake kwa miguu, mwendo wa saa mbili. Nilimwamkia kwa Kiha nilichojifunza, "Mwakeye," naye akaniitikia kwa Kiswahili cha Morogoro, kizuri kuliko changu, kisha akasubiri shikamoo yake, nami nikaitoa. Akaniuliza nimetokea wapi. Nilipotaja Dar es Salaam alianza kuvitaja vituo vya reli kimoja kimoja: Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora, na kuendelea hadi Kilosa na Morogoro, bila kukosea wala kusita, kama mtu anayehesabu wajukuu. Mimi nilikuwa nimepita njia hiyo majuma matano tu kabla, na nusu ya vituo hivyo nilikuwa nimevipita usingizini.

Alikuwa amekata mkonge karibu na Ngerengere kwa mikataba miwili. Namba yake haikuwa katika karatasi. Aliisema kwa kichwa, baada ya miaka zaidi ya thelathini. Nilimwuliza kwa nini ameikumbuka. Akasema kwamba mshahara uliitwa kwa namba, na aliyeisahau hakulipwa. Kisha akaniuliza kama mashamba bado yapo, na kama yule mwenzake wa chumba kimoja, Mha wa Heru aliyeoa huko, bado yu hai. Nilisema simjui. Akasema, "Hapana neno, mwalimu. Ukipita, shuka uulize. Mwambie nilifika salama." Bibi akanipa maharage katika kifuko, nami nikawapa ile chumvi, kilo zote mbili, wakaipokea kwa heshima na kwa tabasamu ambalo sikulielewa wakati ule.

Majuma yangu yalipokwisha nilipanda treni Kigoma nikiwa na ripoti yangu, alama zangu na jina la mtu wa Ngerengere limeandikwa nyuma ya daftari la maandalio. Tulipita kituo hicho usiku wa manane. Nilikuwa macho safari hii. Treni ilisimama dakika chache, mtu mwenye taa ya mkono akapita kando ya mabehewa, nami nilikuwa na mtihani Jumatatu.