Baridi au moto? Kisa cha ale ya Waingereza

Ukiagiza bia Nairobi au Dar es Salaam, mhudumu atakuuliza: baridi au moto? Hapa London, ukiagiza ale, huulizwi. Ale halisi hutolewa ikiwa na ubaridi wa ghala la chini ya ardhi, nyuzijoto 12 hivi, na mgeni hudhani friji imeharibika. Nami nilidhani hivyo. Msomaji asiyegusa kileo aendelee bila wasiwasi: historia hailevyi.

Tofauti huanzia kwenye hamira. Ya laga hufanya kazi polepole kwenye baridi. Ya ale hupenda joto, humaliza kazi mapema na kuacha ladha ya matunda.

Katika karne ya 18, ale iliyotamba London ilikuwa Porter, nyeusi kama kahawa, iliyopewa jina la wapagazi waliobeba mizigo mitaani na kando ya mto Thames. Watengenezaji walishindana kwa ukubwa wa mapipa, hadi tarehe 17 Oktoba 1814, pipa moja lilipopasuka karibu na Tottenham Court Road. Mafuriko ya bia yalibomoa nyumba za maskini na kuua watu wanane.

Baadaye ilivuma ale ya rangi ya dhahabu, chungu kwa wingi wa hopsi, maua yanayoikinga bia isiharibike. George Hodgson wa Bow, mashariki mwa London, aliwauzia manahodha wa Kampuni ya India Mashariki. Ikastahimili miezi baharini, na jina likabaki: India Pale Ale. Miaka ya 1820, watengenezaji wa Burton, ambako maji ya visima yana jasi nyingi, wakaliteka soko hilo. Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwandani, wao walipendelea Mild, ambayo haina uchungu mwingi.

Kufikia miaka ya 1960, kampuni kubwa zilikuwa zikichuja hamira yote na kuisukuma bia kwa gesi. Ilitunzika kwa urahisi, lakini ilikuwa bia mfu. Mwaka 1971, vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizoni Ireland waliamua kwamba kunung'unika hakutoshi, wakaanzisha chama cha CAMRA. Makumi ya maelfu wakajiunga, na ale ikanusurika.

Basi ukipewa bilauri isiyo baridi, usimlaumu mhudumu. Hamira ilikuwa ingali hai ndani ya pipa, na pipa likishafunguliwa lina siku chache tu. Baridi kali ingeificha ladha ambayo watu hao walikataa kuiacha ife.