Damu Iliyoandika Neno

Watu watatu wamelala chini. Mmoja anatoka damu ubavuni, na ukiitazama vizuri ile damu ilivyotiririka utaona imeandika neno: unité, yaani umoja. Nyuma yao ipo misalaba mitatu. Ndivyo Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alivyokichora kifo cha Patrice Lumumba na wenzake Okito na Mpolo, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Ndugu msomaji, nilipoiona mara ya kwanza kitabuni nilidhani huyu bwana ni mlokole. Kumbe kwake Lumumba ndiye Yesu wa nchi yake. Na kama kuna Yesu, basi lazima kuna waliomuuza.

Mji wenyewe ulikuwa wa kampuni. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilichimba shaba, ikajenga makambi, ikapanga mfanyakazi ale nini. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, hata wiki mbili za uhuru hazijatimia, kampuni ikaacha kuilipa kodi serikali ya Lumumba, ikamlipa Moïse Tshombe. Bila hela ile, jeshi lake na askari wake wa kukodi wangekula nini? Vita ya kujitenga ilidumu hadi Januari 1963.

Tshibumba alizaliwa 1947, kwa hiyo mengine aliyaona na mengine alisimuliwa. Mgomo wa Desemba 1941, kwa mfano, alisimuliwa, naye akauchora. Wazungu walikuwa wanapigana vita yao, shaba inatakiwa kwa wingi, bei ya vitu imepanda, mshahara umelala palepale. Wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira. Shaba ikaendelea kwenda vitani.

Alichorea nini? Mara nyingi gunia la unga. Picha zake ziliuzwa kwa watu wa kawaida wazitundike sebuleni. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Wakati wa Mobutu huwezi kusimama barabarani ukapiga kelele, lakini nani atamkamata mtu kwa pambo la ukutani? Tena Mobutu mwenyewe, aliyeshiriki kumwangusha Lumumba, alikwisha kumtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966! Mchoraji akapita katika mwanya huo huo.

Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, picha zaidi ya 100, akamweleza mtafiti Johannes Fabian moja baada ya nyingine, kinasa sauti kikizunguka. Alijiita mwanahistoria. Na alieleza kwa Kiswahili.

Hapa lazima nikiri. Sisi wa Dar tumezoea kukicheka Kiswahili cha Kongo. "Batu", "bintu", tunaigiza kijiweni mpaka mbavu zinauma. Mimi naandika hadithi, najiona mwenye lugha. Lakini Kiswahili kile kilikuzwa migodini kiwe lugha ya amri: beba, chimba, nyamaza. Tshibumba akakichukua kilekile akaisomea kampuni mashtaka. Mimi na ufasaha wangu wote sijawahi kumshtaki hata mwenye nyumba.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani alipo. Picha za historia ile ziko Amsterdam.

Juzi nilikichukua kitabu nikampelekea fundi cherehani wa mtaani kwetu, mzee kutoka Lubumbashi. Nilikuwa namwigiza huyu, mbele yake. Nikamwamkia, nikamfungulia ukurasa wa ile damu. Alizima pasi kwanza.

"Ilikuwaka kwetu," alisema. "Mu salo, yulu ya radio."

Nikamwomba nikae.