Maneno matatu ya Nyerere yaliyoiandaa Tanzania kwa vita

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuingia kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Amin akatangaza kuwa ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera imekuwa mali ya Uganda. Siku chache baadaye Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa, na sehemu fupi ya hotuba hiyo ingali inakaririwa hata na Watanzania waliozaliwa muda mrefu baada ya vita.

Nguvu yake imo katika takriri. Nyerere alitaja mambo matatu tu: uwezo, sababu na nia. Kila mara alirudia kitenzi kile kile, kumpiga, kisha akamalizia kwa tunao au tunayo. Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili ulimpa vina bila ya kuvitafuta, na msikilizaji wa redio, hata asiyejua kusoma, aliweza kuyashika maneno hayo mara moja. Wala hakusema kwamba serikali inao uwezo. Wenye uwezo ni sisi.

Ustadi huo haukuanza siku hiyo. Mwaka 1959, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, alizungumzia mwenge utakaowashwa juu ya Kilimanjaro ili ulete tumaini palipo na kukata tamaa, upendo palipo na chuki, heshima palipo na dharau. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge huo kileleni. Ni nadra sitiari ya mwanasiasa kubebwa mgongoni na askari.

Lakini katika hotuba ya 1978, kinachostahili kutazamwa zaidi ni kiambishi kidogo -m-. Anayepigwa ni mtu mmoja. Viongozi wengi wanaotaka kuamsha fahari ya wananchi hutafuta kabila au taifa zima la kulaumu, na eneo la Maziwa Makuu linaijua gharama ya njia hiyo. Nyerere alimkemea Amin kwa maneno makali mno, ila kitenzi chake hakikuwagusa Wauganda.

Vita viliudhoofisha uchumi wa Tanzania kwa miaka mingi. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, Wauganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wakipigana bega kwa bega na Watanzania.